Mama Yangu Kazi Yake ni Kuchoka



Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, katika darasa letu la Kiswahili, tuliwapa watoto zoezi jepesi: kila mmoja aandike sentensi tano kuhusu kazi ya mzazi wake. Tulitarajia majibu ya kawaida, na wengi walituletea hayo: baba ni dereva, mama ni muuguzi, mjomba anapika hotelini. Mtoto mmoja wa miaka tisa, ambaye herufi zake bado hupanda na kushuka kama mawimbi, aliandika sentensi moja tu akaweka kalamu chini: "Mama yangu kazi yake ni kuchoka."

Kwa macho ya mwalimu, sentensi hiyo haina kosa. Ngeli zake zimekaa sawa na nukta iko mahali pake. Tuliitia alama ya vema, kisha tukabaki tumeishika karatasi ile huku watoto wakivaa makoti yao kwenda nyumbani, kwa maana hatukujua pa kuandika sahihisho.

Mama wa mtoto huyo tunamfahamu, na ndiye aliyeturuhusu tuyaandike haya bila kutaja jina lake. Ni mzaliwa wa Bukavu. Saa kumi na moja alfajiri huwa amekwisha kutoka nyumbani kwenda kusafisha ofisi kabla makarani hawajaingia. Mchana huzunguka nyumba za watu, tatu kwa siku, akilipwa kwa zile hati ambazo wenyeji huziita titres-services. Jioni hurudi kwake kuanza zamu ambayo hakuna anayeilipa. Wiki chache baada ya zoezi lile, alfajiri moja, alikaa kwenye kiti cha kituo cha tramu akaziona tramu nne zikija na kuondoka. Hakupanda hata moja. Tulipomtembelea alituambia maneno machache: "Mwalimu, sikuwa mgonjwa. Miguu ilikataa tu."

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya miguu iliyokataa, na kwa ajili ya mingine mingi ambayo bado inakwenda lakini imekwisha kuanza kunung'unika. Hatuyaandiki ili kushindana na waganga. Daktari alimpa mama huyo mapumziko na matibabu, na alifanya vema. Mtu anayekosa usingizi usiku baada ya usiku, anayelia bila kujua sababu, au anayewaza kujidhuru, amwone daktari leo hii wala asingoje gazeti letu. Sisi tunataka kuzungumza juu ya tiba nyingine, zile zisizouzwa dukani, ambazo ukizisikia mara ya kwanza utadhani ni mzaha.

UCHOVU WA NAMNA GANI?

Wengi wetu tumelelewa kwa methali isemayo kazi mbaya si mchezo mwema, na nyingine inayotukumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Ni methali za watu waliojua njaa, na hatuzidharau. Lakini zimetujengea aibu: mtu aliyevuka bahari ili apate kazi huona haya kusema kwamba kazi hiyo inamwumiza. Atawaambia nini wale aliowaacha nyumbani, wanaongoja fedha kila mwisho wa mwezi?

Basi ni vizuri kujua kwamba jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York alieleza hali aliyoiona kwa watumishi wa zahanati isiyotoza malipo: watu walioanza kazi kwa ari kubwa wakaishia kuwa magofu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza hali hiyo katika orodha yake mpya ya kimataifa, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Shirika halikuiita ugonjwa. Liliieleza kuwa ni hali itokanayo na shinikizo la kazi la muda mrefu ambalo halikudhibitiwa, nayo ina dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi hata kuichukia, na mtu kuona kwamba hafanikiwi tena katika lolote. Sisi katika kikundi chetu tumezoea kuiita kuchakaa. Nguo huchakaa hata kama kitambaa chake kilikuwa kizuri. Tena ile nzuri ndiyo huvaliwa kila siku.

Mtaalamu mwingine, Robert Karasek, alichapa utafiti wake mwaka 1979 baada ya kuchambua habari za wafanyakazi wa Marekani na wa Uswidi. Aligundua kwamba wingi wa kazi si sababu pekee ya mkazo. Mkazo huzidi pale ambapo madai ni mengi na uhuru wa kuamua ni mdogo, yaani pale mtu anapoagizwa mengi huku hana kauli juu ya lini, vipi wala kwa mwendo gani. Msomaji na atazame kazi za jumuiya yetu hapa Brussels: usafi, jikoni, ulinzi, kuwahudumia wazee usiku. Ni madai tupu, na kauli hatuna. Ongeza upweke, maana msafishaji hufanya kazi katika nyumba ambayo wenyewe wametoka, akisemezana na mashine ya kufyonza vumbi.

CHETI CHA KWENDA MAKUMBUSHO

Mwaka 2021 hospitali ya Brugmann, iliyopo hapa hapa Brussels, ilianza jaribio lililowashangaza wengi. Kwa ushirikiano na Jiji la Brussels, ambalo diwani wake wa utamaduni wakati huo alikuwa Bi. Delphine Houba, madaktari waliruhusiwa kuwaandikia wagonjwa wenye mkazo na huzuni cheti cha kwenda makumbusho. Badala ya kupelekwa kwa mwuza dawa, cheti kile kilimpa mgonjwa nafasi ya kuingia bure, pamoja na jamaa au marafiki wachache, katika makumbusho ya jiji. Wazo hilo lilikuwa limetangulia Canada: mwaka 2018 chama cha madaktari wasemao Kifaransa na Makumbusho ya Sanaa ya Montréal walianza kutoa vyeti vya namna hiyo. Hakuna aliyedai kwamba picha ukutani huponya peke yake. Cheti kiliongezwa juu ya matibabu. Hakikuchukua nafasi yake.

Sisi hatukungoja cheti. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho mengi ya Brussels hayatozi kiingilio, nasi tulimchukua mama yetu, mwanawe, na wengine sita wa kikundi, tukaenda mahali ambapo tusingeota kwenda: Makumbusho ya Mifereji ya Maji Machafu, pale Porte d'Anderlecht. Wapo waliocheka tulipotaja jina hilo. "Wiki nzima nimeshinda na uchafu, na Jumapili mnanipeleka kuutembelea?" aliuliza mmoja.

Lakini huko chini tulijifunza jambo. Jiji hili lina mto wake, Senne, uliofunikwa kwa matao kati ya mwaka 1867 na 1871 kwa kuwa ulikuwa umejaa uchafu na maradhi. Leo watu hupita juu ya barabara kuu za katikati ya jiji wasijue kwamba wamekanyaga mahali ulipopita mto. Na jiji linaweza kuishi kwa sababu kuna watu washukao chini kusafisha mifereji yake. Pale makumbusho kazi yao imepewa heshima: vifaa vyao, mavazi yao, hatari zao. Mama yetu alisimama kimya kwa muda mrefu mbele ya vifaa vile. Mwanawe alimwuliza, "Mama, hawa wanafanya kazi kama yako?" Akajibu, "Ndiyo. Na wamejengewa nyumba ya kuwakumbuka." Hatukuongeza neno.

JENERALI WA JUMAPILI

Mwezi uliofuata tulikwenda kwenye nyumba inayohifadhi mavazi ya Manneken-Pis, yule kijana wa shaba anayekojoa mchana na usiku, ambaye watalii husafiri kutoka pembe zote za dunia kuja kumpiga picha. Kijana huyo ana mavazi zaidi ya 1,000: ya kiaskari, ya michezo, ya kazi za kila aina na ya mataifa mengi, likiwamo lile alilopewa na Mfalme Louis XV wa Ufaransa mwaka 1747. Mama yetu aliyatazama, akageuka, akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima: "Huyu anakojoa siku nzima na ana nguo elfu. Mimi nasafisha siku nzima na nina sare moja." Tulicheka hata mlinzi akaja kutazama kuna nini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu alfajiri ya zile tramu nne.

Njiani kurudi, utani wake ulitukumbusha beni. Vijana wetu hawaijui, kwa hiyo tuieleze kidogo. Beni ni ngoma iliyozuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikafika hata Katanga, hivyo Mkongomani na Mtanzania wote wana haki ya kuidai. Wachezaji waliiga gwaride na bendi za wazungu. Walikuwa na vyama vinavyoshindana, na kati ya hivyo vilivyovuma zaidi ni Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake: wafalme, majenerali, madaktari. Na hao majenerali walikuwa nani siku za kazi? Walikuwa wapagazi, wapishi, maboi, makarani, askari wa ngazi ya chini. Mtu aliyeshinda Jumatatu hadi Jumamosi akiitikia "Ndiyo bwana", Jumapili alivaa sare iliyopigwa pasi na watu wakampigia saluti.

Wako wanaosema ule ulikuwa mchezo wa kujidanganya. Sisi hatudhani hivyo. Mpagazi yule alijua fika kwamba Jumatatu angebeba mzigo. Alichokipata ni ushahidi, uliothibitishwa na watu wengine wengi, kwamba mzigo haukuwa jina lake. Na hapa ndipo tunapoona kiini cha jambo lote. Mtu huchoka kwa wingi wa kazi, lakini huchakaa pale kazi inapobaki kuwa jina pekee alilonalo, hata mwanawe mwenyewe akiulizwa mama ni nani, hana lingine la kuandika.

Tiba yoyote ya ajabu inayomrudishia mtu jina lake la pili inafaa kujaribiwa. Katika kikundi chetu yupo mlinzi wa usiku ambaye ni mwamuzi wa mchezo wa bao, na hukumu yake haikatiwi rufaa. Yupo mwosha vyombo wa hoteli ambaye, ikifika zamu ya mashairi, ndiye malenga wetu. Yupo mhudumu wa wazee aliyeomba kipande cha ardhi katika bustani ya pamoja ya mtaa wake, akapanda mchicha kiangazi chote. Watu wa Bukavu huuita lengalenga, na ubishi wa jina hilo umetupa vicheko kuliko mboga yenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeongezwa mshahara. Lakini kila mmoja ana siku ambapo watu humngoja kwa sababu isiyo ya kazi yake.

SAKAFU NA MTANI

Tiba ya pili tuliirithi kutoka kwa wajenzi. Nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu zilitandikwa boriti, juu yake mawe na chokaa, kisha dari hiyo ikapondwa kwa magongo siku baada ya siku hata ikashikamana. Ni kazi ya kuchosha mno, na inarudia kitendo kimoja mara elfu. Wahenga hawakumwachia mtu mmoja kazi hiyo. Walipiga sakafu pamoja, kwa safu, wakiimba. Wimbo ulikuwa na kazi mbili: kuweka mapigo sawa, na kusema yale ambayo mtu mmoja asingethubutu kumwambia tajiri.

Msafishaji wa Brussels hana safu. Lakini wawili wetu waligundua kwamba husafisha ofisi wakati mmoja, kila mmoja katika upande wake wa jiji, na sasa huweka simu mfukoni na visikizio masikioni wakaimba pamoja nusu saa ya kwanza. Mmoja huanzisha, mwingine hupokea. Wanatuambia kwamba kazi ni ile ile na ngazi ni zile zile, ila upweke umepungua. Tunaomba tu wasomaji waangalie kanuni za mahali pao pa kazi kabla ya kuwaiga, na wasiimbe makarani wakiwa wameingia.

Tiba ya tatu ni utani. Wazee wa Tanganyika walikuwa na mpango ambao chuo kikuu chochote kingejivunia kuubuni: kabila fulani na kabila jingine, kama Wazaramo na Wanyamwezi, walikuwa na ruhusa, tena wajibu, wa kufanyiana dhihaka bila kukasirika. Wanahistoria hulihusisha jambo hili na misafara ya karne ya 19, watu wa makabila mbalimbali walipokutana njiani wakiwa wamebeba mizigo mizito katika safari ndefu. Hata msibani mtani alikuwa na kazi yake: kuwachekesha wafiwa, kuwazuia wasizame na maiti. Mtani anaweza kukuambia ukweli ambao ndugu yako anaogopa kuusema.

Basi tunashauri kila mtu ajitafutie mtani, awe wa kabila lolote. Mtani wa mama yetu ni Mzaramo mmoja anayeendesha gari la mizigo. Humpigia simu kila Jumatano na swali lake halibadiliki: "Leo umeacha tramu ngapi zipite?" Sisi tuliposikia swali hilo mara ya kwanza tuliona ni ukatili. Mama mwenyewe alitusahihisha. "Wengine wote wananiuliza kwa huruma," alisema, "nami nawajibu kwamba ni mzima. Huyu namjibu kweli." Kuna Jumatano moja alimjibu, "Mbili," na mtani wake akaacha mzaha, akaja nyumbani jioni ile ile pamoja na mkewe na sufuria ya wali.

KWENDA MSITUNI BILA KUTAFUTA KUNI

Mwaka 1982 idara ya misitu ya Japani ilianza kuwahimiza wananchi waende kutembea msituni polepole, bila haraka wala shabaha, ikakiita kitendo hicho kuoga msitu. Tulipolieleza jambo hili katika mkutano wetu, mzee mmoja aliuliza swali la haki: "Mtu mwenye akili zake huenda msituni kutafuta kuni, dawa au mbuzi aliyepotea. Hawa Wajapani wamepoteza nini?"

Hata hivyo tulikwenda. Jiji letu limebahatika kuwa na msitu mlangoni, Forêt de Soignes, wenye hekta zipatazo 4,400, ambao sehemu zake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2017. Tramu namba 44 hutoka Montgomery na kupita kando yake hadi Tervuren. Miti yake mikubwa, ambayo wenyeji huiita hêtre, imenyooka kama nguzo za msikiti, na chini yake sauti ya mtu hupungua yenyewe. Tulikubaliana sharti moja: kwa saa nzima asitaje mtu kazi, fedha wala karatasi za ukaazi. Dakika kumi za kwanza tulikuwa bubu, maana tuligundua kwamba hatukuwa na mazungumzo mengine. Kisha mtu mmoja akauliza jina la ndege fulani, mwingine akakumbuka ndege wa kwao, na saa ikaisha kabla hatujamaliza.

Hapo lazima tuseme ukweli mmoja, kwa sababu sisi si watalii. Mwisho wa tramu hiyo ndipo penye Makumbusho ya Afrika. Mwaka 1897, katika maonyesho ya Mfalme Leopold wa Pili, Wakongomani 267 waliletwa Ubelgiji ili watazamwe, na saba kati yao wakafa. Makaburi yao yapo kando ya kanisa la Tervuren. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa upya mwezi wa Desemba 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano, na yana mengi ya kufundisha, lakini kwa Mkongomani aliyechoka si mahali pa kwenda kutua mzigo. Wenzetu walitaka kwanza kusimama makaburini. Tulisimama, tukasoma dua, kila mmoja kwa dini yake, tukarudi msituni. Tiba ya jirani yako inaweza kuwa kidonda chako. Kila mtu na ajipime mwenyewe.

TIBA ISIWE PAZIA

Tungeishia hapa kama tungekuwa tunauza burudani. Lakini kuna hatari katika yote tuliyoyaeleza. Mwajiri mbaya atafurahi sana kusikia kwamba mfanyakazi wake anaoga msitu, kwani hatalazimika kubadili chochote. Ukilipaka rangi paa linalovuja, mvua haitajali rangi. Wimbo, utani na makumbusho humpa mtu nguvu. Nguvu hizo sehemu yake zitumike kuuliza kwa nini paa linavuja.

Haki ya kupumzika haikuletwa na hisani ya mtu. Katika nchi hii sheria ya saa nane kwa siku ilipatikana tarehe 14 Juni 1921, na likizo yenye malipo, ya siku sita tu kwa mwaka, ilipatikana mwaka 1936 baada ya mgomo mkubwa. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linatamka katika kifungu cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya mapumziko, ya saa za kazi zenye kiasi, na ya likizo ya malipo. Kifungu hicho hakisemi kila raia. Kinasema kila mtu.

Na sheria ya Ubelgiji ya tarehe 28 Februari 2014, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, inamtaka kila mwajiri azuie madhara ya kiakili yatokanayo na kazi, yakiwamo mkazo na kuchakaa, sawa na anavyopaswa kuzuia ajali. Kila kampuni ina kanuni za kazi zilizoandikwa, nazo zinapaswa kutaja jina au anwani ya mshauri wa kinga anayeshughulikia mambo hayo. Kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi, tangu tarehe 1 Desemba 2023, zinalazimika pia kuwa na mtu wa kuaminiwa, ambaye mfanyakazi anaweza kumweleza shida yake kwa siri. Mfanyakazi anaweza pia kuomba mwenyewe kumwona daktari wa kazi. Walio wanachama wa vyama vya wafanyakazi, kama CSC, FGTB au CGSLB, wana mahali pengine pa kuulizia. Asiyeweza kusoma Kifaransa au Kiholanzi cha kanuni hizo, atuletee karatasi hiyo Jumamosi. Tutaisoma pamoja, na siri yake haitatoka mlangoni.

Ndivyo tulivyofanya kwa mama yetu. Ilionekana kwamba kilichomchakaza zaidi hakikuwa usafi. Ni safari: nyumba zake tatu zilikuwa katika pande tatu za jiji, na kila siku alikuwa akikimbia kati ya tramu na basi, akila mkate akiwa amesimama. Hakuwa amewahi kulalamika. Alidhani kwamba mpango ule ni amri isiyogusika. Tulimwandikia barua fupi, akaiendea ofisi ya kampuni yake akiwa na mshauri wa kinga. Mara ya kwanza walimjibu kwamba haiwezekani. Mara ya pili ikawezekana kwa nyumba mbili, ambazo sasa zinapakana. Ya tatu bado iko mbali. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na sisi tunaongeza kwamba hata aliyeufunua si lazima apewe vyote.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba hadithi imekwisha vizuri. Mama yetu bado hutoka saa kumi na moja alfajiri. Bado kuna Jumatano ambazo jibu lake kwa mtani si sifuri. Lakini amepata dakika arobaini za mchana ambazo ni zake, na amezitumia kwa jambo ambalo hatukulipendekeza sisi: hukaa kwenye benchi la bustani iliyo karibu na kushona mfuko wa ukili, kazi aliyofundishwa na rafiki yake wa Pemba. Mfuko wa kwanza ulipinda. Wa pili umesimama.

Mwanawe tulimpa tena zoezi lile lile mwezi wa Machi, bila kumwambia sababu. Safari hii aliandika sentensi tatu. Ya kwanza ni ile ile, neno kwa neno. Ya pili: "Pia anashona mfuko." Ya tatu: "Mfuko ni wangu wa shule." Tulitia alama tatu za vema.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tutakutana saa nane mchana mbele ya sanamu ya kijana wa shaba, tuende kuyatazama tena mavazi yake, kwa kuwa wengi walikosa mara iliyopita. Watoto waje. Walio zamu usiku waje hata kama watasinzia. Tutawaamsha kwa kahawa. Kila mtu aje na jina lake la pili, na kama hana, tutamsaidia kulitafuta.

Tunawatakia siha njema, na mapumziko yenu wenyewe.